Mpwa wangu alichaguliwa NHL, mbona hatumwoni?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Buswelu, Mwanza. Dada yangu anaishi Ontario, Canada, na mwanawe wa kwanza anacheza hoki ya barafuni, ni beki. Juni 2023 alichaguliwa na timu ya NHL, ile ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, raundi ya tatu, na huku ukoo mzima tulichinja. Mapema 2024 akasaini mkataba wa miaka mitatu, tukasoma mtandaoni kuwa ni dola 950,000 kwa mwaka. Lakini msimu uliofuata akarudi kucheza na vijana wenzake, na sasa ana miaka 20 yuko timu nyingine kabisa, mji mdogo wa Marekani, wanasafiri kwa basi. Mama yake anasema kijana hana hela, na kwamba mkataba utaisha 2028. Hesabu hiyo haituingii akilini. Wazee wanauliza: ameachwa? Au dada anatuficha? Tumeshamwaga msingi wa nyumba tukitegemea ahadi yake. Halafu kuna mdogo wake hapa, ana miaka 11, naye anataka kucheza. Aanzie wapi?

Jibu: Marahaba, Mjomba. Hakuachwa, na dada yako hawafichi kitu. Yote uliyoniandikia, kuanzia kurudishwa kwa vijana wenzake hadi huo mwaka 2028, ni utaratibu wa kawaida wa ligi. Beki wa miaka 20 wa raundi ya tatu kuwa pale alipo si aibu, wapo wengi wa rika lake wanaopatamani. Tatizo lilianza siku mliyochinja. Mlisherehekea ajira, kumbe kijana alikuwa bado hajaajiriwa.

Drafti ya NHL kwa kawaida hufanyika Juni. Timu 32 zinachagua kwa zamu, raundi saba, jumla vijana 224. Timu inayotaja jina la kijana inapata haki ya kuzungumza naye mkataba peke yake, na timu nyingine za ligi hiyo haziruhusiwi kumgusa. Basi. Hakuna mshahara wala namba kwenye kikosi, na jezi anayovalishwa siku hiyo ni ya kupigia picha. Anatakiwa awe ametimiza miaka 18 kufikia tarehe 15 Septemba ya mwaka huo, na tarehe hiyo haina mjadala. Nyota Auston Matthews alizaliwa 17 Septemba 1997, akaikosa drafti ya 2015 kwa siku mbili. Alikwenda kucheza msimu mzima Zürich, Uswisi, ndipo Toronto wakamchagua wa kwanza kabisa mwaka 2016.

Kwa kijana aliyetoka ligi za vijana za Canada kama mpwa wako, timu ilikuwa na miaka miwili ya kumsainisha, la sivyo haki yake inapotea. Wapo wanaochaguliwa, wakapigiwa makofi, miaka miwili ikapita simu haijalia. Wa kwenu alisaini kabla hata mwaka haujatimia. Ningeulizwa mimi mchinje lini, ningesema siku ile ya kusaini, tena mbuzi, si ng'ombe.

Sasa hesabu ya miaka. Mkataba wa kwanza wa NHL kwa anayesaini akiwa na miaka 18 hadi 21 lazima uwe wa miaka mitatu, na hakuna wakala mjanja wa kuubadilisha. Lakini kijana wa miaka 18 au 19 aliyesaini, asipofikisha mechi 10 za NHL katika msimu, mwaka ule haukatwi. Mkataba mzima unasogea mbele. Ndicho kilichomkuta mpwa wako: msimu wa 2024/25 alikuwa na miaka 19, akaenda kambini Septemba, akarudishwa kwa vijana, na mwaka haukuhesabiwa. Mwaka wake wa kwanza ni huu wa 2025/26, wa pili 2026/27, wa tatu 2027/28. Hiyo ndiyo 2028 ya dada yako. Siku moja utasikia kijana mwingine kachezeshwa mechi tisa kisha akarudishwa. Usidhani ile ya tisa alivurunda. Kuna mtu ofisini alikuwa anahesabu.

Na kwa nini alirudi kwa vijana badala ya kwenda moja kwa moja kwenye timu hii ya sasa? Kwa sababu NHL na ligi za vijana za Canada wana makubaliano ya miaka mingi: kijana aliyechaguliwa akitokea kwao, kama hajafikisha miaka 20, ama acheze NHL yenyewe ama arudi kwao. Njia ya katikati ilikuwa imefungwa. Makubaliano mapya kati ya ligi na chama cha wachezaji, yanayoanza Septemba 2026, yanaifungua kidogo kwa wa miaka 19, ila mpwa wako hayamhusu tena. Kwa hiyo wazee walioona timu ya mji mdogo wakasema ameshuka, wageuze. Alikuwa anacheza na vijana, sasa anacheza na watu wazima wanaolipwa mshahara.

Ligi aliyopo inaitwa AHL. Ina timu 32, kila moja imefungamana na timu moja ya NHL. Usiifananishe na Pamba ilipokuwa inahangaika madaraja ya chini ikitafuta kurudi Ligi Kuu. Timu ya AHL haipandi daraja hata itwae kombe kila mwaka, kwa sababu haikuundwa kupanda. Imeundwa kulea wachezaji wa timu ya juu, na kocha wake hupangiwa kutoka juu nani apewe dakika nyingi na ajifunze nini. Karibu wachezaji 9 kati ya 10 wanaocheza NHL leo walipitia huko.

Maisha yake si ya kwenye picha, hilo ni kweli. Ni mechi 72 kati ya Oktoba na Aprili, nyingi zimerundikwa mwisho wa wiki, na kuna wiki wanacheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili katika miji mitatu. Mechi inaisha saa nne usiku, wanaoga, wanapewa kuku na wali kwenye vyombo vya plastiki, wanapanda basi nywele bado mbichi na nje kuna nyuzi kumi chini ya sifuri. Wanafika hotelini saa nane au tisa usiku, na jioni yake kuna mechi nyingine. Kama timu yake iko upande wa mashariki, majira ya baridi mnapishana saa nane. Ukimpigia saa mbili asubuhi, huko ni saa sita usiku na yuko kwenye basi lililozimwa taa, wenzake wamelala. Hapokei, nanyi mnasema mtoto amebadilika. Piga Jumatatu saa tatu au nne usiku wa kwetu. Kwao ni mchana, na mara nyingi ni siku ya mapumziko.

Wazee wanataka kujua anajifunza nini huko ambacho hakijui, na mimi ndipo ninapopenda kukaa. Kiwanja cha NHL ni mita 61 kwa 26, kimezungushiwa ukuta. Mchezaji anaingia, anakimbia kwa nguvu zote sekunde 45 hivi, anatoka akihema na mwingine anaruka ukuta kuingia, mchezo ukiendelea. Katika sekunde hizo mpinzani anaitupa paki kona ya nyuma. Paki ni kile kisahani cha mpira mgumu, kama gramu 160, ambacho hugandishwa kabla ya mechi kisidundedunde. Beki anageuka na kuikimbilia akiwa ameupa uwanja mgongo, na nyuma yake anakuja mtu wa kilo 95 kumbamiza ukutani. Kabla hajaigusa, awe ameshageuza shingo kulia na kushoto, ajue mwenzake yuko wapi na adui anatokea upande gani, ili paki ikifika kwenye gongo iwe tayari inaondoka. Kwenye ligi ya vijana alikuwa na nafasi ya kuipokea, kuinua kichwa, kisha kutoa. Kwa wakubwa nafasi hiyo haipo. Nimekaa majukwaani miaka mingi na daftari mapajani nikitazama mabeki chipukizi, na magoli siyaandiki. Naandika ni mara ngapi aligeuza shingo.

Hilo haliji kwa kukaa benchi la NHL na kuonja dakika sita kwa mechi. Linakuja kwa kucheza dakika 20 usiku huu, kukosea, na kurudi kesho yake. Mabeki nao huchelewa kuiva kuliko washambuliaji, na makipa huchelewa zaidi. Miaka 20 kwa beki ni mapema mno kumhukumu.

Tena kuna sheria moja inayowaumiza vijana bila kosa lao. Timu ikitaka kumteremsha mchezaji mzoefu kwenda AHL, lazima kwanza imtangaze kwa timu nyingine zote kwa saa 24, na yoyote inaweza kumchukua. Kijana aliye kwenye mkataba wa kwanza kwa kawaida amesamehewa utaratibu huo. Sasa kocha akibaki na mabeki wawili wanaolingana, mmoja ana miaka 20 na mwingine 27, unadhani nani anabaki juu? Wa 27, kwa sababu akiteremshwa anaweza kupotea. Kijana anateremka kwa kuwa kumteremsha hakugharimu kitu. Basi ukisikia karudishwa, usianze na swali la alikosea nini.

Tuje kwenye hela, maana msingi wa nyumba ndio uliokufanya uandike.

Mkataba wake una mishahara miwili. Hizo dola 950,000 ni kiwango cha juu kabisa kwa waliochaguliwa 2023, na huzipata tu akiwa NHL, tena kwa hesabu ya siku. Akiwa AHL mshahara wake ni kama dola 80,000 kwa msimu mzima. Msimu una siku 190 hivi. Ukishatenga fedha ya kusaini, siku moja juu inampa kama dola 4,500, na siku moja chini kama dola 420. Akiitwa Jumanne na kurudishwa Ijumaa, analipwa siku hizo za juu na hadithi imeishia hapo. Fedha ya kusaini haizidi asilimia 10 ya malipo ya mwaka, yaani kwa kiwango chake haivuki dola 95,000, nayo hulipwa hata mkataba ukisogezwa mbele. Kama kuna hela nono iliyowahi kufika Buswelu, nadhani ilitoka humo.

Toa kodi ya serikali kuu na ya jimbo. Toa wakala, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5. Toa pango, gari na bima yake. Halafu kumbuka kwamba mshahara hulipwa wakati wa msimu, si miezi 12. Kuanzia Mei hadi Septemba anaishi kwa akiba, na ndiyo miezi ya kulipia mwalimu wa mazoezi, mtaalamu wa viungo na saa za barafuni ili Septemba aende kambini akiwa na kasi kuliko mwaka jana. Kijana hana njaa, anaishi vizuri. Ila akimwambia mama yake hana hela, anasema kweli.

Ahadi aliyoitoa akiwa na miaka 18, jezi mpya mwilini na kamera usoni, haikutakiwa kumwagiwa zege. Simlaumu yeyote, hata huko Canada wazazi hufanya hivyo hivyo. Ushauri wangu ni msimamishe ujenzi hapo kwenye msingi. Msingi wa mawe hauozi, na mawe Mwanza hayajawahi kuisha. Kisha mkubaliane mtu mmoja tu, na awe mama yake, ndiye azungumze naye mambo ya fedha. Nilimfahamu kijana mmoja aliyekuwa anatuma hela kwa ndugu wengi kiasi kwamba majira ya joto akashindwa kumlipa mtaalamu wa viungo. Alifika kambini nyonga imekaza, hawezi kugeuka upande wa kushoto, na kambi yake ikaisha mapema. Ndugu zake hawakujua, kwa sababu hakuwaambia.

Halafu kiwanja cha Buswelu mmekiandika jina la nani? Kama kijana ni raia wa Canada, Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Muoneni wakili kabla jina lake halijaingia kwenye hati.

Wazee wakikosa subira, waelezeni habari za Johnny Oduya. Alizaliwa Stockholm mwaka 1981, baba yake ni Mjaluo kutoka Kenya, kwa hiyo ni damu ya ziwa hili hili tunalochota. Beki pia. Alichaguliwa 2001 na Washington, raundi ya saba, nambari 221. Washington hawakumsainisha. Alicheza kwao Sweden mpaka New Jersey walipompa mkataba 2006, na mechi yake ya kwanza ya NHL aliicheza ana miaka 25. Mwaka 2013 akabeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, na Chicago, 2015 akalibeba tena. Mark Giordano naye hakuchaguliwa na timu yoyote, na msimu wa 2007/08 alikwenda Urusi baada ya kutoelewana na timu yake kuhusu mkataba. Mwaka 2019, akiwa na miaka 35, alitajwa beki bora wa ligi nzima. Sikwambii mpwa wako atakuwa kama hao. Waliochaguliwa juu ya Oduya wakamaliza bila kugusa barafu ya NHL ni wengi. Nakwambia tu kwamba miaka 20 haijamfungia mtu mlango.

Mkitaka kumfuatilia kwa akili, acheni kuhesabu magoli. Angalieni anacheza dakika ngapi. Angalieni kama kocha anamwingiza timu ikiwa pungufu mtu mmoja baada ya adhabu, maana hapo haingizwi asiyeaminika. Mwaka wake wa pili ndio wa kutazama zaidi: kama kufikia mwezi Machi 2027 hajaitwa juu hata kwa mechi chache, wakala aanze kuzungumza naye mapema kuhusu njia nyingine. Mkataba ukiisha 2028, timu ikitaka kubaki na haki juu yake itabidi impe ofa. Isipompa, yuko huru kwenda popote, na Sweden, Finland, Uswisi na Ujerumani wana ligi ambazo mtu anacheza mpaka miaka 35 na kulea familia. Ziko pia ada za chuo ambazo ligi za vijana za Canada huwawekea wachezaji kulingana na misimu waliyocheza, lakini zina masharti na muda wake wa kuisha. Dada aulize sasa hivi ya kijana wake imesimama wapi, asisubiri.

Na akigongwa kichwa, mama yake aulize daktari amesema nini, siyo kocha.

Sasa huyu wa miaka 11. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya kupakilia sangara pale Kirumba Mwaloni, kwa hiyo lazima niseme wazi: kutoka Mwanza njia ya kwenda NHL haipo. Watoto wa Canada huvalishwa viatu vya barafu wakiwa na miaka minne au mitano. Watu hupenda kumtaja Matthews, kwamba alikulia Arizona, jangwani. Ni kweli, lakini jangwa lile lina viwanja vya barafu na wazazi wake walimlipia.

Kucheza kwa kucheza, hilo linawezekana. Nairobi, hoteli ya Panari iliyoko Mombasa Road ilifungua kiwanja cha barafu mwaka 2005. Ni kidogo kuliko kiwanja kamili, lakini ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilipelekwa Canada na kucheza bega kwa bega na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Ni safari ya basi kupitia Sirari, likizo moja inatosha kumpeleka, ila pigeni simu kwanza mjue kiwanja kiko wazi na siku gani watoto wanafundishwa. Wakati mnangoja, mtafutieni viatu vya magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, maana wachezaji wa barafuni nao hujifua navyo, na gongo hata la kuchonga. Nunueni kofia ngumu na kinga za magoti kabla ya viatu. Atafute sakafu laini na tambarare, uwanja wa shule au wa kanisa wenye saruji nzuri, wala asithubutu kujifunzia kwenye mteremko wa Bugando.